Safu ya Magnesiamu

Mwalimu Muyisa hakuwa na jedwali la elementi. Lililokuwepo lilitundikwa ukutani kabla yeye hajaajiriwa, na unyevu wa Butembo ulikuwa umelila kutoka pembeni kuja katikati, hata gesi adimu zote zikaisha na klorini ikabaki nusu herufi. Ndiyo maana kila mwaka, wiki ya somo lile ilipofika, aliwatoa nje wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi, akawapeleka kwenye uwanja wa udongo mwekundu nyuma ya shule, pale mtaa wa Kimemi, akawapanga wao wenyewe wawe jedwali.

Hila hiyo hakuisoma popote. Aliitoa nyumbani kwao Masereka, kwenye vilima vya baridi na viazi, ambako mama yake alizaa watoto tisa na kuwaita kwa zamu. Kwa Wanande jina la kuzaliwa halibahatishwi. Msichana wa kwanza wa mama ni Masika, wa pili ni Kavira, wa tatu Kavugho. Mvulana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na hivyo hivyo hadi tumbo lichoke. Majina ya ubatizo huja baadaye. Ukimsikia mtu akiitwa, umeshajua wangapi walimtangulia. Muyisa alipokuwa chuoni, akihangaika na jedwali kama wenzake, usiku mmoja aliliangalia akaona ni boma la jirani: kila mstari nyumba moja, kila safu watoto wenye zamu moja.

"Kila mustari ni mama moja," aliwaambia asubuhi hiyo, akichora mistari chini kwa kijiti. "Akimaliza kuzaa, mama wa nyuma yake anaanza tena. Lithium ni mutoto wa kwanza kwa nyumba yake. Sodium ni wa kwanza kwa nyumba ingine. Hawakuzaliwa na mama moja, mais, lakini tabia yabo ni moja. Juu ya nini?"

"Juu beko ba-Paluku!" darasa likatoa sababu.

"Na Paluku iko na tabia gani?"

"Anatumwaka!" akasema msichana mmoja wa mbele, na sauti yake ilionyesha kwamba yeye mwenyewe ni wa kwanza kwao. "Chota mayi, beba mutoto, endaka kwa duka."

"Njo vile. Wa kwanza anatoaka. Sodium iko na elektroni moja kwa mulango, ukimuomba tu, amekupa. Wa pili, magnésium, anatoa mbili. Sasa tuangalie huku kwa mwisho. Wa saba."

Katika safu ya saba, ya klorini, alisimama mtu mmoja tu, Kitsa, mvulana mrefu mwenye mdomo usiolala. "Prof, chlore niko peke yangu? Sasa nitaoa nani?"

"Unakosa elektroni ngapi?"

"Moja."

"Na nani anatoaka moja?"

Kitsa aliangalia safu ya kwanza, iliyojaa wasichana, akatengeneza kola ya shati. "Sodium," akasema taratibu, na darasa likaangua kicheko hata wakati Muyisa alipokuwa akieleza kwamba ndoa hiyo ndiyo chumvi wanayotia kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, kila siku, na kwamba haivunjiki kwa maneno ya majirani.

Lakini hayo yalikuja baadaye kidogo. Mwanzoni, kabla ya kicheko hicho, kulikuwa na jambo jingine. Muyisa alikuwa ametaja elementi ya kila safu, akapiga makofi na kusema, "Kila mutu kwa namba yake!" Wakakimbia, vumbi likapanda. Ndani ya vumbi hilo alimwona Masika Bénie, msichana aliyekuja mwaka huo kutoka upande wa Beni, akitembea moja kwa moja, bila kutazama kushoto wala kulia, akaenda kusimama nyuma ya akina Kavira.

"Masika!" mtu akamwita. "Uko unaenda wapi?"

"Eh, Prof!" Kitsa akapiga kelele kutoka kwenye upweke wake. "Sodium moja imehamia kwa magnésium!"

Msichana aliangalia miguu yake kana kwamba si yeye aliyeituma. Kisha akaondoka pale haraka, akaingia safu ya kwanza, akainamisha kichwa. Wengine walicheka na kusahau. Muyisa alicheka nao, ila kicheko kilimkatika katikati. Mtu wa huku anaweza kukosea hesabu, anaweza kukosea tarehe aliyozaliwa. Namba yake kwa mama yake haikosei, kama asivyokosea mkono anaolia chakula.

Na huyo ndiye aliyekuwa mwanafunzi bora kuliko wote Muyisa aliowapata kwa miaka mingi. Alikaa benchi la dirishani, alisikiliza kwa uso uliokunjamana kama mtu anayesikia maumivu, na maswali yake yalikuwa ya kumfanya mwalimu arudi nyumbani kufungua vitabu.

Juma lililofuata walikuwa kwenye kiini cha atomu. Muyisa alikuwa ameeleza kwamba atomu inaweza kupoteza elektroni, hata kadhaa, ikabaki yenyewe: sodiamu iliyotoa ni sodiamu tu, yenye njaa au yenye shibe. Namba ya protoni ndiyo jina lake.

Mkono ukapanda dirishani.

"Prof, na kama inapoteza proton?"

"Hiyo haitokeaka hivi hivi kwa kopo ya maabara. Mais kama inapoteza, inakuwa kitu kingine. Magnésium ikipoteza proton moja, ni sodium."

"Inakuwa sodium ya kweli?"

"Ya kweli kabisa. Hakuna mutu ataweza kuitofautisha."

Alifikiri. "Na ile magnésium inaendaka wapi?"

Muyisa alifungua mdomo. Hata Kitsa aliacha kuchora juu ya dawati. "Haiendi popote," alisema hatimaye. "Haiko tena." Akageukia ubao, akaandika kitu ambacho hakikuhitajika kuandikwa.

Nyumbani alimweleza mke wake, Ornella, aliyekuwa anachambua maharagwe mlangoni, kuhusu safu na swali la msichana. Ornella hakuinua macho. "Weye na michezo yako ya majina. Batoto ya batu bametoka kwa mauti, weye unabapanga mistari."

"Sikujua."

"Sasa unajua. Utafanya nini?"

Alichojua ni hiki: msichana anayesoma kwa jina la mwingine anasoma kwa cheti cha mwingine. Kuingia humanités, sekondari ya juu, kulihitaji cheti cha mtihani wa mwaka wa nane, na cheti hicho kilikuwa cha Masika wa kweli. Likijulikana, dawati la dirishani litabaki tupu.

Likajulikana kwa njia ndogo kabisa. Kitsa alikuwa amempa msichana jina: Magnésium. Uwanjani wakamwita Magnésium, kwenye bomba la maji Magnésium, hadi siku moja mwalimu wa hisabati akauliza jina hilo limetoka wapi, akaelezwa kwa vicheko, naye hakucheka. Mwalimu huyo alikuwa Mnande kama wengine wote pale. Siku hiyo hiyo Préfet Abdias, mkuu wa shule, akamwita Muyisa ofisini.

"Monsieur Muyisa, weye njo titulaire, mwalimu wa ile darasa. Huyu mutoto ni Masika ao ni Kavira?"

"Sijui, Monsieur le Préfet."

"Hujui, ao hutaki kujua?" Abdias alikuwa mtu wa kanisa, mwenye sauti ya chini na macho ya kuchoka. "Mi siko mutu mubaya. Batu yangu pia balikufa kule. Mais inspection ikikuya ikikuta kesi ya fraude, ya kudanganya, hawatauliza nani alilia. Batafunga option ya sayansi yote. Uende uone familia. Lundi unipe jibu."

Jumamosi Muyisa alipanda pikipiki nyuma ya dereva aliyevaa kofia ya kuzuia baridi hata jua lilipopanda. Barabara ya Beni ilikuwa nzuri kwa vipande. Vizuizi vilikuwepo mahali pale pale pa siku zote. Askari mmoja kijana, redio ya Kilingala ikiimba kiunoni, aliuliza anakwenda kufanya nini. "Kumuona mama wa mwanafunzi," Muyisa akajibu. Askari akamtazama kana kwamba huo ulikuwa uongo wa ajabu kuliko wote aliousikia siku hiyo, akamwachia. Kadiri walivyoshuka, hewa ilizidi kuwa nzito, michikichi ya mawese ikatokea, na mazungumzo ya dereva yakapungua.

Mama wa msichana aliitwa Jokébed. Alimkuta Beni, kwenye uwanja wa mnunuzi wa kakao, amepiga magoti na wanawake wengine mbele ya turubai, wakichagua punje: nzuri huku, zilizooza kule. Alipomwona mgeni aliyechomekea shati alijua ni mwalimu kabla hajasema.

"Ni Masika? Amepata nini?"

"Iko muzima, Mama. Nilikuya tu kukusalimia."

"Kutoka Butembo mupaka huku, kusalimia." Alimsogezea ndoo iliyogeuzwa akae. Mikono yake haikuacha kuchagua. "Wasingya," akaongeza, shukrani ya Kinande, bila tabasamu. "Sema, Prof."

Muyisa alisema. Alieleza mchezo wa uwanjani, safu, miguu ya msichana. Hakumtaja Préfet hadi mwisho. Jokébed alisikiliza, na vidole vyake vikaanza kutupa punje nzuri upande wa mbovu. Mwanamke wa pembeni akazirudisha kimyakimya.

"Tulikuwa Kamango," alisema. "Tulikuwa na shamba ya kakao. Hii labda ni yetu," akainua punje moja, "nani anajua sasa nani anavuna. Masika alikuwa amefanya ile test ya mwaka wa munane. Alipita. Cheti ilikuwa kwa sakosi yangu ya kubeba kwa bega, na ile sakosi njo nilikimbia nayo siku ile batu ya bunduki balikuya. Masika yeye alikuwa kwa shamba na baba yake. Providence nilimushika mukono. Iko Kavira, wa pili, alikuwa kwa mwaka wa saba. Karatasi yake yote iliungua na nyumba ya masomo."

"Mulibazika?"

"Nani anarudia kule kuzika?" Aliiacha punje. "Prof, ile cheti mutoto wangu aliifanyia kazi. Alisoma na taa ya simu mupaka macho ikawa mekundu. Niache ife naye? Nilimuambia Providence: weye una akili kama yake, ingia kwa nafasi yake, umalizie yaya wako, mukubwa wako. Siku ile watasoma majina ya batu balipata diplome, watasoma Masika Bénie, na mi nitakuwa pale nasikia."

"Na Providence?"

"Providence atakuwa amesoma. Akili inabakia kwa kichwa yake, si kwa karatasi."

Muyisa hakuona pa kuipinga hoja hiyo. Alikuwa ameshasikia hoja dhaifu kuliko hiyo zikitolewa na watu wenye digrii.

"Weye unafundisha mambo ya namba," Jokébed akasema. Sasa alimtazama usoni. "Niambie basi. Wa kwanza akifa, wa pili anakuwa wa kwanza?"

Swali hilo hata mtoto wa Kinande angelijibu. Namba haisogei. Kavira anabaki Kavira hata akibaki peke yake duniani.

"Hapana, Mama."

"Donc, basi, unajua nilimuomba Providence kitu gani," alisema. "Usifikiri mi sijui."

Aliporudi Butembo jioni ile, mgongo ukimuuma kwa barabara, alikuwa ameshaamua kudanganya. Hakuhisi ushujaa wowote. Alihisi kama mtu anayeziba tundu la bati kwa sabuni: itashika hadi mvua ijayo.

Jumatatu alisimama mbele ya meza ya Abdias, akasema kwa sauti ya darasani: "Monsieur le Préfet, kosa ni yangu. Colonne ya pili, ya ba-Kavira, ilikuwa na batu kidogo. Nikamutuma huyu mutoto asimame kule kujaza nafasi. Batoto walicheka, jina ikabakia. Njo hivyo tu."

Abdias alimtazama. Muyisa aliona kwamba hakuamini, na aliona pia kwamba alitaka kuamini. "Ulifika Beni?"

"Nilifika. Mama anaitwa Mama Masika." Hilo lilikuwa kweli; kila mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza.

"Bon." Préfet alishusha mabega. "Basi tumuite mutoto aseme vile vile, mbele ya mwalimu wa hisabati, tufunge hii likambo, hii kesi."

Hilo Muyisa hakulitarajia; hakuwa amemwambia msichana lolote. Alikuwa amejiambia kwamba kadiri anavyojua kidogo ndivyo atakavyokuwa salama.

Msichana aliingia, akasimama karibu na mlango, mikono nyuma. Mwalimu wa hisabati aliegemea kabati na kutazama viatu vyake.

"Masika," Abdias alisema kwa upole, "Prof anasema yeye njo alikutuma usimame na ba-Kavira. Ni kweli?"

Njia ya kuponea ilikuwa wazi mbele yake. Alihitaji neno moja tu. Muyisa alimwangalia, akajaribu kumsukuma kwa macho. Msichana aliona. Alimwangalia mwalimu wake kwa namna ya mtu anayeona zawadi na kujua haimfai, kisha akamgeukia mkuu wa shule.

"Hapana, Monsieur le Préfet. Prof hakunituma. Nilienda mwenyewe." Akashusha mikono kutoka mgongoni. "Miye niko Kavira. Kavira Providence. Masika ni yaya yangu."

"Na yeye iko wapi?"

"Alibakia Kamango."

Hakuna aliyeuliza alibakia vipi. Mwalimu wa hisabati akatoka nje bila kuaga. Abdias alivua miwani, akaisugua kwa tai kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Alichoamua kilikuwa kile ambacho mkuu wa shule anaweza kuamua. Kuanzia siku ile Providence hayumo katika humanités. Kama anataka, nafasi ipo mwaka wa nane, pamoja na watoto anaowazidi kimo, na mwisho wa mwaka afanye mtihani kwa jina lake. Atomu atazikuta tena mwakani, kama barabara na vita vitaruhusu. Na Monsieur Muyisa, aliyemdanganya mkubwa wake ofisini, atapata onyo la maandishi, na darasa lile litapewa titulaire mwingine.

Nje, kwenye ukuta wa maktaba iliyogeuzwa stoo, Muyisa alimfikia msichana. Alikuwa na hasira, na hakujua ni ya nani.

"Juu ya nini? Ulibakisha neno moja tu!"

"Prof, usinikasirikie."

"Mama yako alikuombea ile nafasi. Mi nilikuombea. Mwaka nzima, Providence!"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa shule kumwita kwa jina hilo, na wote wawili walilisikia. Msichana akaegemea ukuta.

"Asubuhi mukisoma majina," alisema, "mukifika kwa Masika, mi najibu présente, niko. Kila siku najibu. Na kila siku, nikimaliza kujibu, naangalia mulango kama ataingia aniulize: weye unajibu juu ya nani?" Alijipangusa uso kwa kiganja, haraka, kama anayefukuza inzi. "Ulisema ikipoteza namba haiko tena. Niliogopa, Prof. Nilisema basi tumekufa wote wawili."

"Ilikuwa mfano tu. Mambo ya atomu."

"Najua. Mais ni weye ulitupanga."

Kitsa alipita na ndoo ya maji, akamwona, akafungua mdomo kusema jina alilolizoea. Kitu fulani katika nyuso zao kikamzuia. Akapita kimya, maji yakimwagika miguuni.

"Na mama?" Muyisa akauliza.

"Mi siwezi." Sasa alilia kweli, bila sauti. "Umuambie weye. Ukimuambia weye, atakuwa na mutu wa kutukana."

Alimwacha pale, akaenda hadi kwenye mikaratusi ya mwisho wa uwanja, ambako mtandao ulishika vizuri zaidi. Simu iliita kwa muda. Ilipopokelewa, alisikia wanawake wengi wakiongea kwa pamoja, na sauti ya Jokébed ikiwaomba wanyamaze.

"Allo? Prof? Masika iko muzima?"

Alikuwa ametayarisha sentensi tatu. Zote zilianza na neno Préfet.

"Kavira iko muzima, Mama," alisema. "Alisema jina yake mwenyewe, kwa bureau ya Préfet. Sikumutuma. Atarudia mwaka wa munane."

Alingoja matusi. Hayakuja.

"Alisema na mudomo yake?"

"Na mudomo yake."

"Na Masika? Alisema nini ya Masika?"

"Alisema alibakia Kamango."

Muyisa akaangalia simu kuona kama imekatika.

"Mi sijawahi kuisema hiyo," Jokébed alisema. "Nilisemaka iko masomoni." Kisha akauliza, "Ile cheti iko wapi?"

"Iko kwa Préfet. Kwa dossier, faili yake."

"Hawana kazi nayo tena. Njo kitu moja tu iko na jina yake. Uikamate, Prof. Wasiipasue, wasiichome na karatasi zingine. Uniletee."

"Mama, pale mi sina neno tena. Wamenipa onyo."

"Sikukuuliza kama una neno. Ulikuya mupaka huku kunisalimia; utakuya tena." Simu ikakatwa.

Kengele ya mapumziko iligongwa na uwanja ukajaa. Muyisa alivuka katikati ya watoto, akimgonga huyu na yule bila kuomba radhi, akapanda ngazi za ofisi kufuata cheti. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani alisikia karatasi zikipangwa na kugongwa mezani ili zilingane. Akabisha, na kabla hajakaribishwa akaingia.